Niania: Juu ya nini umeme unayumba, na mashine kubwa zinatulizwa namna gani

Jioni pale Niania, katika teritwari ya Mambasa, grupu moja inaweza kulisha kinyozi, nyumba ya vinywaji na fundi wa kuunga chuma. Fundi akigusisha tu chuma, taa zinafifia, motere inaguna, kisha inapata nguvu tena. Watu wanasema: umeme unacheza. Sasa, ni nini inapita pale?

Mzigo ukikuja ghafula, motere inapunguza mwendo. Kifaa kimoja kinaongeza mazutu ili mwendo urudi. Kifaa kingine kinaangalia volti, kinaongeza nguvu ya sumaku ndani ya mashine. Umeme wetu unahitaji mawimbi 50 kwa sekunde. Mwendo ukishuka, mawimbi nayo yanapungua.

Kwa grupu moja, mambo yanaishia hapo. Lakini mashine nyingi zikifungwa kwenye waya moja, kazi inakuwa ingine. Mfano hauko mbali: kiwanda cha Ruzizi ya Pili, kilichoanza kazi mwaka 1989, ni cha Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Mashine za namna hiyo lazima ziende kwa hatua moja, sawa vile watu wanaopiga kafi ndani ya mtumbwi mmoja mto Ituri.

Waya kubwa ikikatika, mashine moja inakimbia kidogo, ingine inabaki nyuma. Zinavutana, zinarudi, zinavutana tena. Kama mvutano unapungua, hakuna shida. Kama unaongezeka, hatari imefika. Tarehe 10 Agosti 1996, upande wa magharibi wa Marekani, mayumbo yalizidi kukua mpaka mtandao ukavunjika vipande, na mamilioni ya watu wakabaki gizani.

Kinachoshangaza ni hiki: kifaa cha volti chenye haraka sana kinaweza kuongeza mayumbo. Ni kama mpiga kafi anayesahihisha kwa nguvu lakini kwa wakati mbaya: mtumbwi unazidi kuyumba. Ndiyo maana viwanda vikubwa vinaweka stabilizatere. Hiyo inasikiliza mwendo wa mashine, kisha inaongeza ao kupunguza nguvu ya sumaku kidogo, kwa wakati unaofaa, mpaka mashine itulie.

Kuna njia ingine pia. Laini ya Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1700, inabeba umeme usio na mawimbi. Mashine za pande mbili hazilazimiki kwenda hatua moja.

Hii inagusa mkaaji wa Niania namna gani? Kuna wenye kufikiri kwamba grupu mbili ndogo, zikifungwa kwenye waya moja, zitatoa nguvu mara mbili. Hapana. Kama volti, mwendo na wimbi havilingani wakati wa kuunganisha, moja itasukuma ingine; alternatere inaungua, ekseli inaweza kuvunjika. Bila fundi mwenye vifaa vya kulinganisha, afazali kila grupu ibebe nyumba zake.

Na pahali kuna waya ya shirika, weka swichi ya kubadilisha, yenye kuruhusu upande mmoja tu. Bila hiyo, umeme wa grupu yako unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayeamini kwamba laini imekatwa.