Ufadhili wa nyumba salama Tarime na Serengeti

Ufadhili wa nyumba salama Tarime na Serengeti ni michango na ruzuku zinazotolewa na watu binafsi, mashirika ya hisani, taasisi za dini, serikali za nje na mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya vituo vinavyowapokea wasichana waliokimbia makwao ili wasikeketwe au wasiozwe wangali watoto. Wilaya hizo mbili ziko katika Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Makao makuu ya Wilaya ya Serengeti ni mji wa Mugumu. Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya, na kivuko chake kikuu ni Sirari.

Fedha hizo hulipia chakula, malazi, matibabu, walezi, usafiri na mahitaji ya shule. Bila fedha hizo, msichana anaweza kuwa na sheria inayomlinda lakini akakosa mahali pa kulala.

Sababu za wasichana kukimbia

Ukeketaji umekuwa sehemu ya mila za Wakurya, wanaoishi Tarime, Serengeti na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, pamoja na makabila jirani kama Wangoreme. Kwa Wakurya ulihesabiwa kuwa hatua ya kumtoa msichana utotoni na kumfanya astahili kuolewa. Msichana ambaye hajakeketwa huitwa msagane, jina linaloweza kumfuata kama tusi hadi katika ndoa yake.

Msimu wa ukeketaji huwa hasa mwezi Desemba, shule zinapofungwa. Wazee wa mila wa koo ndio wanaotangaza msimu, na ngariba hulipwa kwa kila msichana. Kwa kuwa ukeketaji hufuatwa mara nyingi na ndoa, familia hutazamia pia ng'ombe wa mahari. Hivyo msichana anayekataa hupingana na mila na pia na mapato ya watu wazima wanaomzunguka.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika Mkoa wa Mara kiwango kilikuwa asilimia 32. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa kiwango cha taifa kimeshuka hadi asilimia 8, na cha Mara hadi asilimia 28.

Sheria

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliongeza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Kifungu hicho kinamhusu mtu mwenye dhamana au malezi ya mtoto wa chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Nchini Kenya, sheria ya 2011 inakataza ukeketaji wa wanawake wa umri wowote.

Kutokana na kifungu cha 169A, mshtakiwa mara nyingi ni mzazi au mlezi. Msichana anayetoa taarifa polisi huwa anamshtaki mtu anayemlisha na kumlipia mahitaji ya shule. Kama hana pa kuishi wakati kesi ikiendelea, hurudi nyumba ileile, na ushahidi wake hupotea kwa urahisi. Kwa hiyo nyumba salama imekuwa sehemu ya utekelezaji wa sheria, ingawa gharama zake hubebwa kwa kiasi kikubwa na wahisani.

Uhusiano na haki za wakimbizi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi unamhusu mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuogopa kuteswa. Msichana anayetembea usiku kutoka kijijini hadi Mugumu hajavuka mpaka, kwa hiyo kisheria si mkimbizi. Kambi za wakimbizi nchini Tanzania ziko Mkoa wa Kigoma na ziliwekwa kwa ajili ya watu waliotoka hasa Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Fedha za misaada kwa wakimbizi hazikupangwa kwa ajili yake.

Angekuwa ameomba hifadhi katika nchi nyingine, hali ingekuwa tofauti. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya uhamiaji ya Marekani ilimkubalia hifadhi Fauziya Kassindja, msichana kutoka Togo aliyekimbia ukeketaji, na kesi hiyo ikawa mfano kwa nyingine. Mwaka 2009 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi (UNHCR) lilitoa mwongozo unaotambua kuwa woga wa kukeketwa unaweza kuwa msingi wa kupewa hadhi ya ukimbizi.

Kuna pia wasichana wanaovuka mpaka. Koo za Wakurya ziko pande zote mbili, na njia za miguu kati ya Tarime na Kuria, katika Kaunti ya Migori, ni nyingi. Wapo wanaopelekwa upande wa pili ili wakakeketwe mbali na macho ya polisi, na wapo wanaovuka ili kuokoka. Mwezi Aprili 2019 wawakilishi wa serikali za Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa na kukubaliana kushirikiana dhidi ya ukeketaji wa kuvuka mipaka.

Vituo

Katika Wilaya ya Tarime kipo kituo cha Masanga, kinachoendeshwa na shirika la ATFGM Masanga lenye uhusiano na Kanisa Katoliki. Wakati wa msimu kituo huwa na kambi ambayo wasichana hufundishwa kuhusu afya, haki zao na mambo ya utu uzima. Mwishoni hufanyiwa sherehe ya kuvuka rika bila kukatwa.

Katika Wilaya ya Serengeti nyumba salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014. Mwanaharakati Rhobi Samwelly, aliyewahi kukeketwa mwenyewe, alianzisha baadaye shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba Mugumu na katika Wilaya ya Butiama. Kazi yake ilionyeshwa katika filamu ya hali halisi ya Giselle Portenier iitwayo In the Name of Your Daughter (2018).

Vituo hivyo hushirikiana na Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi pamoja na maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Baada ya msimu, wazazi huitwa kwa mazungumzo. Wanaokubali huahidi mbele ya wahusika kwamba binti hatakeketwa, kisha hufuatiliwa nyumbani. Msichana ambaye wazazi wake wanakataa hubaki kituoni.

Vyanzo vya fedha

Mashirika ya hisani ya nje. Tanzania Development Trust, shirika la Uingereza linaloendeshwa na watu wa kujitolea, limechangisha fedha kwa ajili ya nyumba ya Mugumu. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mradi wa Crowd2Map Tanzania mwaka 2015, ulioanzishwa na Janet Chapman. Watu wa kujitolea duniani huchora kwenye ramani huria ya OpenStreetMap njia na vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani, ili polisi na waokoaji wamfikie msichana kwa wakati. Huu ni mchango usio wa fedha.

Umoja wa Mataifa na serikali za nje. Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa (UNFPA) limesaidia kazi hii mkoani Mara, ikiwa ni pamoja na kupitia mradi wa Chaguo Langu Haki Yangu uliofadhiliwa na serikali ya Finland. Hata hivyo Tanzania haimo kati ya nchi za mpango wa pamoja wa UNFPA na UNICEF wa kutokomeza ukeketaji ulioanza 2008, ingawa Kenya, Uganda na Ethiopia zimo.

Mashirika ya kitaifa na michango ya ndani. Jukwaa la Utu wa Mtoto (CDF) limefanya kazi Tarime kwa kushirikiana na wafadhili wa nje. Makanisa na wakazi hutoa pia ardhi, chakula, nguo na muda wao.

Serikali. Mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), ulioanza 2017/18, ulipanga kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya kijiji. Mishahara ya polisi na maafisa ustawi hulipwa na serikali. Kanuni za 2018 zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali yaweke wazi fedha yanazopata zikizidi shilingi milioni 20.

Changamoto

Tatizo kubwa ni tofauti kati ya muda wa ruzuku na muda wa mahitaji. Habari za ukeketaji husikika zaidi mwezi Desemba, na michango hufuata habari. Lakini msichana wa miaka 12 asiyeweza kurudi kwao anahitaji makazi hadi atakapoweza kujitegemea, yaani miaka sita au zaidi. Ada zimeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali, ila sare, madaftari, nauli na chakula hubaki kwa mlezi, ambaye hapa ni kituo.

Pili, wafadhili wengi hupendelea matumizi yanayoonekana, kama jengo au gari, kuliko mishahara ya walezi na dizeli. Jengo lisilo na mlezi wa usiku haliwezi kumpokea msichana anayefika usiku.

Tatu, utegemezi wa fedha za nje una hatari zake. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato lake, na mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Utegemezi huo huwapa pia wapinzani hoja kwamba mapambano haya ni ya wageni, ingawa wanaokimbia ni mabinti wa vijiji vyenyewe, na wanaowapokea mara nyingi ni wanawake wa mkoa huohuo.

Ili kupunguza hatari hizo, vituo hufundisha ushonaji na stadi nyingine za kujipatia kipato. Stadi hizo humsaidia msichana kujitegemea mapema na hupunguza mzigo wa kituo, lakini hazijatosha kuchukua nafasi ya ruzuku.