Kumtunza Mgonjwa wa Usahaulifu si Kazi ya Familia Peke Yake

Ugonjwa wa usahaulifu, ambao madaktari huuita dimenshia, si uzee wenyewe wala si laana. Ni maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kidogo kidogo, na dawa ya kuyaponya haijapatikana. Kwa hiyo swali kubwa kwa kila serikali ni nani amtunze mgonjwa, na nani amsaidie mtunzaji.

Japani, nchi yenye wazee wengi, ililikabili swali hilo kwa uchungu. Mwaka 2007, katika mji wa Obu, mzee wa miaka 91 mwenye ugonjwa huo alitoka nyumbani wakati mkewe, mwenye miaka 85, amesinzia kidogo. Aligongwa na gari moshi akafa. Shirika la reli liliidai familia fidia ya yeni milioni 7.2, na mwaka 2013 mahakama ya kwanza ikaamuru mke na mwana mkubwa walipe. Haikuwa mpaka Machi 2016 ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba hawakupaswa kulipa.

Kisa hicho kilidhihirisha kwamba bima peke yake haitoshi. Tangu mwaka 2000, wananchi wa Japani wenye miaka 40 na zaidi huchangia bima ya utunzaji, nayo hulipia sehemu kubwa ya gharama za wasaidizi wa nyumbani na vituo vya mchana. Lakini hakuna bima inayokesha mlangoni. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 serikali imeendesha mafunzo ya saa moja na nusu kwa wenye maduka, makarani wa benki, wanafunzi na majirani, na waliohudhuria wamepita milioni 10. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 inaagiza pia kwamba wagonjwa na familia zao wasikilizwe mipango inapoandaliwa.

Funzo hili lavihusu vyama vyetu. Mwanachama akirudi dirishani mara ya tatu kudai malipo aliyokwisha kupokea, katibu asimkemee mbele ya watu wala kumdhania mwizi. Amwonyeshe stakabadhi kwa upole, na kwa ridhaa yake amwite ndugu anayemwamini. Aidha, halmashauri zihakikishe kwamba fedha za mwanachama huyo hazichukuliwi na mtu mwingine pasipo idhini yake. Usahaulifu haumwondolei mtu uanachama wake, wala heshima yake.