Bunduki ya mzee na misumari yake ya shaba

Leo siongelei mahindi wala mbolea.

Mwaka jana nilikuwa kazini upande wa Mutshatsha. Nguruwe wa pori walikuwa wanamaliza mihogo ya mzee mmoja. Tukiongea hiyo shida, akatoa ndani ya nyumba bunduki ya nkambo yake. Haipigi tena. Ni ndefu, nyembamba, na kitako kimejaa misumari midogo ya shaba njano. Nikauliza: "Mzee, hii ni ya Bazungu?" Akacheka: "Agronomu, bomba tu ndiyo ya Bazungu. Ile ingine yote ni ya kwetu."

Alisema kweli. Katika karne ya 19, bunduki za gumegume zilizoitwa lazarina zilitengenezwa Liège, Ubelgiji, kwa ajili ya biashara ya Wareno. Jina lilitoka kwa fundi wa bunduki wa zamani aliyeitwa Lazarino. Zilipitia Benguela na Bihé mpaka huku kwetu. Zilikuwa nyepesi na za bei ndogo, zikamfaa mwindaji wa tembo anayetembea siku nyingi. Wahunzi wa Kichokwe walijua kutengeneza karibu kila kitu isipokuwa bomba. Kitako kikivunjika, walichonga kingine kwa mtindo wao na kupigilia misumari. Hata sanamu za Chibinda Ilunga, yule mwindaji mkubwa wa hadithi, zingine zinamwonyesha ameshika gumegume.

Sasa twende Bunkeya. Msiri, mtu wa kutoka Unyamwezi, alipata bunduki pande mbili: magharibi kwa wafanyabiashara wa Bihé, mashariki kwa misafara ya pwani. Lakini Wayeke walikuwa na shaba yao. Waliivuta ikawa nyaya, na hata risasi waliitengenezea.

Marekani pia ilikuwa vile. Mafundi Wajerumani waliohamia Pennsylvania karne ya 18 walikuja na bunduki fupi na nene. Kule Lancaster ikarefuka, ikavaa mti wa mepo na kisanduku cha shaba njano kwenye kitako. Ilipofika milima ya kusini, mapambo yakapungua, shaba ikabadilishwa na chuma. Leo wajuzi wanaangalia kitako tu na kusema imetoka wapi.

Ya kwetu nani atasema? Baba ya yule mzee alikuwa mhunzi. Hakuna mtoto aliyeendelea. Kijana wake anachimba kobalti, na anataka bunduki iuzwe kwa wale wanaopima vyuma vya zamani kwa kilo. Kwenye kilo, misumari ya fundi haina bei.

Basi, ukifika kwenu likizo, uliza. Piga picha, andika jina la fundi, kijiji, na mti wa kitako. Si kazi ya diplome, ni kazi ya siku moja.

Nilipoaga, bunduki ilikuwa bado juu ya mlango. Mpaka lini, sijui.