Liwali Aliyeasisi Dola

Mnamo Januari 2025 Sultani Haitham bin Tariq alitangaza kwamba Siku ya Taifa ya Oman itaadhimishwa tarehe 20 Novemba badala ya tarehe 18, ili kumuenzi Imamu Ahmad bin Said Al-Busaidi, aliyeshika uongozi mwaka 1744 kwa hesabu ya serikali, ingawa baadhi ya wanahistoria huuweka uimamu wake mwaka 1749. Huko Manah, ambako Makumbusho ya Oman Katika Zama Zote yalifunguliwa mwaka 2023, heshima hiyo inamrudia mtu wa jirani, kwani imamu huyo alizaliwa Adam, wilaya iliyo kusini.

Hata hivyo, sehemu muhimu ya utumishi wake aliitekeleza kabla ya kupewa baia, yaani kiapo cha utii ambacho wanazuoni na wakuu wa makabila humpa imamu waliyemchagua. Ukoo wa Yaarubi, uliokuwa ukitawala Oman, ulipogombana wenyewe kwa wenyewe, na mmoja wao akayaita majeshi ya Nadir Shah wa Uajemi yaje kumsaidia, Ahmad alikuwa liwali wa Sohar, mtawala wa mji kwa niaba ya imamu, naye aliuhimili mzingiro wa Waajemi kwa miezi kadhaa. Yaliyofuata Barka hayapendezi kusimuliwa katika sherehe: mwanahistoria Ibn Ruzaiq anaeleza kwamba Waajemi walialikwa karamuni, kisha ngoma ikapigwa na mpiga mbiu akawaruhusu wenye kisasi nao wakilipize, na wengi wakauawa.

Akiwa imamu aliweka makao Rustaq, akajenga nguvu zake juu ya merikebu na biashara ya kahawa iliyopelekwa Basra kila mwaka, na Basra ilipozingirwa na Waajemi mwaka 1775 alipeleka manowari kuisaidia. Alifariki mwaka 1783, akazikwa Rustaq.

Pwani ya Waswahili haikumkubali yote. Muhammad bin Uthman Al-Mazrui, liwali wa Mombasa, alikataa kumtambua kwa hoja kwamba Ahmad alikuwa liwali tu kama yeye, na ijapokuwa watu wa Ahmad walimuua, nduguye Ali aliikomboa ngome ya mji huo, hivyo Wamazrui wakaendelea kuitawala Mombasa mpaka Sayyid Said bin Sultan, mjukuu wa Ahmad, alipowang'oa mwaka 1837.