Damu ya Mzazi Ichangwe Mapema

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi nchini Tanzania. Mara nyingi mji wa mimba hushindwa kujikaza. Wakati mwingine kondo la nyuma hubaki ndani, au njia ya uzazi huchanika. Damu ikitoka kwa kasi, mama aweza kufariki ndani ya saa mbili.

Wauguzi humchoma sindano ya oksitosini ili mji wa mimba ujikaze. Ipo pia dawa ya asidi ya traneksamiki, ambayo mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri itolewe ndani ya saa tatu baada ya kujifungua. Lakini hakuna dawa inayorudisha damu iliyokwisha kumwagika.

Kwa nini ndugu huchelewa?

Wengi hudhani ndugu watachangia hapo hapo hospitali. Lakini damu yao yaweza isilingane na ya mgonjwa. Tena kila chupa lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Vipimo huhitaji muda, na mzazi hana muda. Damu itakayomwokoa ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa katika jokofu.

Kamati zifanye nini?

Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, hutegemea sana wanafunzi. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Isitoshe, damu isiyotenganishwa huhifadhiwa kwa siku 35 hivi tu. Parokia ikichangia mara moja kwa mwaka, siku ya sherehe, msaada wake hukoma baada ya wiki tano.

Tunashauri jumuiya zichangie kwa zamu, hasa nyakati za likizo. Mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 aweza kuchangia: mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Wajawazito na wanaonyonyesha wasichangie.

Nanyi wafadhili, mchango wenu unahitajika. Bila mafuta ya gari la kukusanyia damu, vitendanishi vya kupimia na umeme wa jokofu, ukarimu wa wachangiaji hautamfikia mzazi.