Shoo, makambi, Shabana na Desemba: pesa yako iende wapi

Ukitenga shilingi 3,000 za matembezi ya familia kuanzia Julai hadi mwisho wa mwaka, ujue mapema kwamba hazitoshi kila mahali. Kisii na Nyamira hazikosi pa kwenda. Julai kuna maonyesho ya kilimo ya ASK mjini Kisii, Agosti kuna makambi ya Waadventista Wasabato, kisha ligi ya soka inaanza na timu ya Shabana inarudi uwanjani, na Desemba inakuja na tohara, harusi na michango yake. Kwenye mabango wanatangaza bei ya lango. Pesa zenyewe zinamalizwa na nauli ya jioni, njaa ya watoto na vitu unavyonunua kwa sababu tu umeshafika.

Tuanze na shoo, maana ndiyo ya kwanza. Chukua baba, mama na watoto watatu wanaotoka Nyamira mjini. Tuseme nauli ya asubuhi ni shilingi 100, na wadogo wawili wanapakatwa. Mnalipia watu watatu, 300. Jioni watu wote wanatoka uwanjani kwa pamoja, mawingu yametanda, na kondakta anataka 150 kwa kila kichwa. Hiyo ni 450. Shilingi 750 zimekwenda hata kabla hujamhesabu ng'ombe mmoja. Weka tarakimu za njia yako, lakini usisahau kwamba nauli ya kurudi haifanani na ya kwenda. Probox itakuambia kuna nafasi ya mmoja hata ikiwa na watu tisa, na mtoto uliyempakata asubuhi bure anaweza kutozwa jioni.

Ndani ya uwanja kila kitu kina lango lake. Farasi analipiwa, bembea inalipiwa, picha inalipiwa, na mpiga picha hakuulizi kama unaitaka, anapiga kisha anakuletea imeshachapishwa. Kwa watoto watatu, mchezo wa shilingi 50 ni 150 kila mara, nao hawapandi mara moja. Waambie mkiwa bado nyumbani: kila mmoja achague mchezo mmoja. Chakula beba. Viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi na chupa za maji vinaingia kwenye mkoba mmoja, na sahani ya chipsi ya uwanjani haina ladha inayozidi ile ya stendi.

Kama shule inampeleka mtoto, usimpeleke tena Jumamosi. Uliza shule hela wanayotaka inalipia nini: basi, lango na chakula cha mchana, au basi peke yake? Mara nyingi mzazi anatuma ada ya safari, halafu asubuhi ya siku hiyo anaombwa pesa ya kula.

Kwenda siku ya kazi asubuhi ni bora kuliko wikendi. Banda halina msongamano, mtaalamu ana muda wa kukujibu, na unarudi kabla mvua ya alasiri haijakufanya ulipe boda boda ambayo hukuipanga. Na kwa mkulima faida ya shoo ni hao wataalamu. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, wana kituo chao Kisii, na swali lako kuhusu migomba inayonyauka halitozwi kitu. Ukitaka ushauri huo huo siku nyingine itabidi upange safari.

Kwa ununuzi, miche na mbegu ndiyo ya kutolea pesa, ila kwa macho makali. Mche wa parachichi wa kupandikizwa una kovu kwenye shina, mahali kikonyo kilipofungwa, na juu ya kovu rangi ya gome hubadilika kidogo. Usipoliona kovu hilo, unauziwa mche uliooteshwa kwa mbegu, utakaokuweka miaka mingi bila tunda, kwa bei ya mche unaozaa baada ya miaka miwili au mitatu. Mbegu ya mahindi iliyoidhinishwa ina kibandiko cha kukwangua cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali: kwangua, tuma tarakimu kwa SMS kwenda 1393, na usubiri jibu ukiwa bado umesimama hapo bandani. Muuzaji akikuambia mtandao uko chini, ondoka.

Kile kisu cha ajabu kinachokata kitunguu, karoti na kabichi kama mashine, achana nacho. Mikononi mwa yule kijana kinafanya kazi kwa sababu amekishika mwaka mzima. Kikilegea wiki ijayo, huna pa kukirudisha, maana banda limeshang'olewa. Sufuria, vyombo vya plastiki na nguo nunua Daraja Mbili siku ya soko, Jumatatu au Alhamisi, ambapo wauzaji ni wengi na unaweza kupatana bei. Aliyekuuzia leo utamkuta pale pale juma lijalo.

Vinyago na sahani za mawe ya Tabaka zinahitaji neno lao. Huko Tabaka unachagua kwa mchongaji mwenyewe na bei inashuka, lakini kuna nauli ya kwenda hadi Mugirango Kusini. Kwa kitu kimoja, nunua mjini au shoo. Kwa zawadi za watu kumi, safari inajilipa. Jiwe hilo ni laini, ndiyo maana linachongeka, na ndiyo maana linapasuka likianguka. Chagua kipande kinene kisicho na shingo nyembamba, na kilichopakwa rangi nzito kigeuze chini uone kama hakuna mstari wa gundi. Chombo cheupe au cha waridi kisichopakwa rangi hakifichi ufa.

Sasa makambi. Wasabato walifungua kituo chao cha kwanza Kenya huko Gendia mwaka 1906, wakafika Nyanchwa, Kisii, miaka michache baadaye, na leo Agosti ikifika vilima vya Gusii vinasikika kwaya toka alfajiri. Hakuna tiketi. Kwa familia isiyo na pesa, hii ndiyo wiki ya bei nafuu zaidi katika mwaka mzima: mahubiri, nyimbo, masomo ya afya na ya ndoa, na watoto wana darasa lao.

Gharama zipo, ila hazisemwi kwa sauti. Kwanza, kulala au kwenda na kurudi? Nauli ikiwa shilingi 50, mtu mmoja kwa siku sita ni 600. Watu watatu ni 1,800. Ukilala kambini unaokoa hizo, lakini unahitaji godoro, blanketi zito (usiku wa Nyamira hauna huruma) na mchango wa chakula. Familia inayokaa mbali ilale. Inayokaa umbali wa kutembea isiwaze kulala hata kidogo. Njia ya katikati, ambayo wengi huichagua, ni kwenda jioni mbili tatu kisha siku nzima ya Sabato. Ni nzuri, mradi ukumbuke kwamba Sabato ndiyo siku ya wageni wengi na ya sadaka kubwa.

Jambo la pili ni sare ya kwaya. Hapa ndipo akina mama wengi wanapoumia kimya kimya. Kitambaa kinachaguliwa na wachache, fundi anachaguliwa na wachache hao hao, na kila mwaka rangi inabadilika. Ukiwa na sauti kwenye kamati, pendekeza kitambaa cha pamba cha rangi moja, mshono usio na mapambo, na pindo lenye nafasi ya kuachiliwa mtoto akikua. Vazi hilo litavaliwa kanisani hata Machi. Kitambaa laini cha kung'aa kinafumuka kwenye mishono na hakikubali pasi ya makaa. Kina bei ndogo kwa mita, lakini ukihesabu siku utakazokivaa ni ghali.

Kuhusu mpira nitakuwa mfupi. Shabana walirudi ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17 nje, na tangu hapo kila shabiki wa Tore Bobe, kama wanavyoitwa kwa utani, anaona ni deni kwenda Uwanja wa Gusii, ule uliokarabatiwa kwa ajili ya Mashujaa Dei ya 2020. Nenda, lakini chagua mechi. Gor Mahia wakija, kuna msongamano, nauli inapanda, na kama hukuwahi utatazama migongo ya watu. Mechi ya kawaida dhidi ya timu isiyo na mashabiki wengi ni dakika zile zile 90, na unakaa unapotaka. Jukwaa lenye paa lina thamani yake miezi ya mvua. Siku ya jua, mzunguko usio na paa unatosha na tofauti ya bei inakununulia mahindi ya kuchoma ya familia nzima. Kabla hujapanda gari, hakikisha mechi iko wapi, maana Shabana wamewahi kucheza mechi za nyumbani Homa Bay. Tiketi inunue langoni au kwa njia iliyotangazwa na klabu, wala si kwa kijana anayezunguka stendi. Na kama pesa haipo, redio ya Kigusii inatangaza mpira kwa moto kuliko hata uwanjani.

Wengi wanasahau mbio. Hii ndiyo ardhi ya Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 kule Mexico 1968, na ya Yobes Ondieki, mtu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, Oslo 1993. Mbio za nyika hukimbiwa kwenye uwanja wa wazi na hakuna anayekudai tiketi. Tamasha za muziki za shule nazo ni burudani ya bei ndogo, mradi mtoto wako si mshiriki. Akiwa mshiriki, kuna sare, nauli na posho katika kila ngazi anayoshinda, na shule haitaji ngazi ya pili hadi wapite ya kwanza.

Desemba ndiyo inayofilisi watu. Kule Nyamira bonasi ya chai huingia karibu na Oktoba, wauzaji wanajua, wenye madeni wanajua, na kufikia katikati ya Desemba simu inalia michango tu. Panga jumla ya michango yako ya mwezi mzima kabla kundi la kwanza la WhatsApp halijaundwa, kisha igawe.

Ada za simu nazo ni mchango. Kutuma shilingi 1,000 kwa M-Pesa kunakatwa 13, na anayepokea akizitoa kwa wakala anakatwa 29. 42 zimepotea njiani. Wajomba watatu wakituma elfu moja moja, na mpokeaji akitoa kila zinapoingia, ada ya kutoa ni 87. Akisubiri zifike 3,000 atoe mara moja, ni 52. Bora zaidi, asitoe kabisa: amlipe mwenye hema kwenye till ya bidhaa, ambako mnunuzi hakatwi. Mchango wa shilingi 100 au chini yake hautozwi kutuma, kwa hiyo usione haya kuutuma.

Unayekodi hema, uliza maswali manne kabla ya kulipa arubuni: usafiri ni wa nani, kiti kikivunjika ni shilingi ngapi, mafuta ya jenereta yamo, na saa za ziada zinaanza lini? Ukumbi wa kanisa una kikomo cha muda na sheria zake, lakini haulowi.

Kwa tohara ya wavulana, hospitali ndiyo pa kutolea pesa. Punguzo litafute kwenye esaga, nyumba wanamokaa vijana hadi wapone: ndugu wakiunganisha vijana wao nyumba moja, wanagawana mlezi, chakula na kuni, na siku ya kutoka wanachinja mara moja. Ya wasichana haimo kwenye hesabu hii. Sheria ya 2011 inaipiga marufuku, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Anayesaidia naye ana hatia, na kuchangia sherehe yake ni kusaidia.

Wanaotoka Nairobi: anayesafiri wiki ya pili ya Desemba analipa nauli ya kawaida, na anayesubiri tarehe 23 anapangiwa bei na foleni. Mama na watoto wanaweza kutangulia, baba akafuata peke yake kwa kiti kimoja cha bei ya juu badala ya viti vya familia nzima. Tiketi ya kurudi ikateni siku hiyo hiyo mnayokata ya kwenda, na iwe kabla ya wiki ambayo shule zinafunguliwa.