Kava la Chini ya Injini na Njia ya Hewa

Fundi alikuwa amelala juu ya boksi lililokunjuliwa, miguu tu ikionekana. Kilichotangulia kutoka chini ya gari hakikuwa oili bali kava jeusi la plastiki, limepinda pembeni na kugandwa na tope kavu. Alilisukuma kwa mguu hadi ukutani, yalikorundikwa mengine saba au manane. "Mzee, hili tuliache tu," akasema. "Linatupotezea muda kila ukija kumwaga oili. Halafu bila hili injini inapumua vizuri."

La muda nilimkubalia. Makava haya hushikwa na boliti chache na klipu za plastiki ambazo zikifunguliwa mara mbili tatu hazishiki tena, na gari lililotoka Japani likiwa na kava lake aghalabu hulipotezea gereji, si barabarani. Hilo la kupumua ndilo lililonifuata hadi nyumbani, kwa sababu linaingia akilini upesi: fungua chini, joto litoke. Sivyo injini inavyopozwa.

Joto la injini hubebwa na kulanti hadi kwenye rejeta, na hewa inayopita kwenye mapezi ya rejeta ndiyo inayoliondoa. Lakini hewa haipiti hapo kwa sababu tu gari linakwenda mbele. Hupita kwa sababu mgandamizo wake mbele ya rejeta ni mkubwa kuliko nyuma (darasani tuliuita kanieneo, tukaufanyia mtihani, tukausahau). Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, upepo unaougonga uso wake huleta mgandamizo wa ziada wa paskali 460 hivi. Ukiuelekeza kwenye mrija wenye maji, utayapandisha kwa sentimita tano kasoro, urefu wa kidole gumba. Punguza mwendo hadi 50, na mgandamizo huo haubaki nusu bali robo: sentimita moja na kitu. Kwa nguvu hiyo tu hewa inatakiwa ipenye kondensa ya kiyoyozi, ipenye rejeta, ijipitishe kati ya injini na vikorokoro vyake, kisha itafute pa kutokea.

Pa kutokea ni chini, kwa nyuma. Aliyewahi kulala katika chumba chenye dirisha moja Tanga au Lamu mwezi wa Februari analijua jambo hili mwilini: upepo wa bahari upo pale nje, dirisha liko wazi, na bado shuka limelowa jasho, kwa kuwa hewa iliyomo ndani haina pa kutokea. Kava limeundwa likiziba upande wa mbele, chini ya bampa, na kuacha upenyo nyuma, ambako hewa inayokimbia chini ya gari husaidia kuivuta ile iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Liondoe, na hewa ya chini itapata mlango mpana wa kupanda ndani. Mgandamizo nyuma ya rejeta unaongezeka, na zile sentimita chache zinapungua.

Hasara yake ni kiasi gani? Hutegemea gari na safari. Land Rover za zamani hazikuwa na plastiki yoyote chini na zilivuka mbuga kwa miaka. Ziliundwa hivyo tangu mwanzo. Ukipanda mlima Kitonga nyuma ya lori kwa kilomita 15 kwa saa, upepo wa mwendo haufikishi hata milimita mbili za maji kwenye ule mrija. Hapo feni ndiyo inayofanya kazi, kava liwepo lisiwepo. Hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kukosa kava huenda kukasaidia kidogo joto kushuka, na nadhani hapo ndipo mafundi walipopata imani yao. Hasara hutokea kwenye tambarare, saa nane mchana, gari limejaa, kiyoyozi kinafanya kazi na mguu uko chini.

Hata hapo dereva hataona kitu. Thamostati, ambayo kwenye Toyota nyingi ndogo huanza kufunguka karibu nyuzi 82, itafunguka zaidi kidogo na kufidia. Kinacholiwa ni akiba ya upozaji. Mshale wa dashibodi umetengenezwa utulie katikati ingawa joto linapanda na kushuka, na Vitz na Passo nyingi hazina mshale kabisa, zina taa ya buluu na nyekundu tu. Kwa hiyo anayeapa kwamba alilitoa na hakuona tofauti hasemi uongo.

Gari likianza kuchemsha, nisingeanza na plastiki. Ningeanza na mfuniko wa rejeta, ule ulioandikwa 1.1, unaozuia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120; halafu feni, wota pampu, na mbegu za nyasi zilizonasa kati ya kondensa na rejeta. Ningetazama pia vile vipande vya pembeni mwa rejeta ambavyo hutupwa bampa likinyooshwa. Kwa maoni yangu hivyo ni muhimu kuliko kava lenyewe, maana bila hivyo hewa huikwepa rejeta na kupita kandokando, na gari likisimama ile ya moto huzunguka na kurudi mbele.

Bati linalochomelewa mahali pa plastiki huzuia mawe vizuri, lakini likiwa zima bila matundu, limeziba ule upenyo wa nyuma.

Nililiokota kava langu, nikaliosha. Klipu nne mpya zilipatikana, ya tano ikakosekana, na kona ya mbele kushoto ikabidi ifungwe kwa waya. Nilimwomba fundi akaze zaidi, kwa kuwa kona ya mbele ikining'inia, kava huanza kuchota upepo kama jembe, na kwa mwendo wa 100 kinachofuata ni kung'oka. Akauzungusha waya mara mbili zaidi, akiguna.